Besi Aliyoichagua Mama

Mama yangu ni kiziwi, na kisiwa kizima hiki hakuna anayeijua besi kama yeye. Nalisema hili kwa mdomo mpana, na anayebisha aje hapa Mtambile nimkalishe kitako nimweleze. Wapo walionicheka waliposikia nimemchukua mama kiziwi kwenda kuchagua sabufa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa nikipita wananiamkia vizuri.

Lakini nianze na ngoma, maana bila ngoma hamtanielewa. Mama alikuwa mpiga vumi. Vumi ni ile ngoma kubwa ya sauti nzito, inayokaa chini ya ngoma nyengine zote, ambayo sikio linaipata kidogo na kifua kinaipata zaidi. Katika harusi za kina mama kwetu yalikuwa yakipigwa mavumi mawili: moja linaita, moja linaitika. Aliyeita ni khalati yangu, mdogo wake mama, aliyeolewa Kiuyu. Aliyeitika ni mama. Watu walikuwa wakisogeza tarehe ya harusi wakiambiwa mmoja wao ana homa. Mimi nilikuwa mtoto wa mpiga vumi, na nilitembea kama mtoto wa mpiga vumi, shingo juu.

Halafu masikio ya mama yakafa. Hayakufa siku moja. Kwanza alisema watu siku hizi wananong'ona, kisha akasema redio imeharibika, kisha akaacha kulalamika. Hospitali walimpima, wakasema mishipa ya ndani imechoka, hakuna dawa. Akaendelea kupiga ngoma kwa mazoea, akimtazama khalati mikono, mpaka siku moja kwenye harusi huko Pujini, khalati alikaa nyuma ya watu, mama hakumwona. Akaitika kabla hajaitwa. Akarudia, akakosea tena. Mwanamke mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa mtandio. Mama hakusikia kicheko, lakini macho anayo. Aliinuka taratibu, akavaa baibui lake, akaondoka. Alipofika nyumbani akaligeuza vumi lake mdomo chini, akaweka mtungi wa maji juu yake.

Tangu hapo hakukanyaga harusi ya mtu. Ukimwalika anajibu kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia: "Niende nikatazame midomo?"

Mambo yalikuwa hivyo mpaka mwanangu akaposwa. Nina mtoto mmoja tu, wa kike, na bibi yake ndiye aliyemlea mimi nikiwa kwenye cherehani tangu asubuhi. Alipoulizwa anataka nini harusini, hakutaja nguo wala dhahabu. Alisema, "Bibi apige. Asipopiga bibi, ngoma isipigwe kabisa." Nikamfikishia mama maneno yale. Mama aliyasoma, akanambia, "Mimi ntakaa nyumbani niwapikieni. Sendi kumwaibisha mjukuu wangu mbele za watu."

Nililia siku ile, sioni haya kusema. Mama yangu, aliyekuwa akiitwa na watu wa kusini na kaskazini, anajificha jikoni siku ya harusi ya mjukuu wake wa pekee!

Nimesema aliyasoma. Hilo nalo lina maelezo yake. Mama hakwenda skuli hata siku moja, lakini alisoma chuo cha Kurani mpaka akahitimu, na anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Kwa hiyo tuna ubao mdogo, mimi naandika kwa chaki, yeye anajibu kwa mdomo. Maisha yetu yote yanapita kwenye ubao ule. Mwandiko wangu ni mbaya, na nikiwa na haraka sitii irabu, na hapo ndipo tunapokosana.

Sasa sikilizeni. Siku moja baada ya adhuhuri mama alikuwa amejilaza sebuleni, chini kabisa, kwenye sakafu, maana joto lilikuwa kali. Mimi nashona. Ghafla akainuka kitako akauliza, "Nani anapiga vumi?"

Nikadhani anaota. Nikatikisa kichwa kwamba hakuna. Akakunja uso. "Kuna ntu anapiga. Tena hajui kupiga." Akaweka kiganja kwenye sakafu, akaacha hapo hapo. Nikazima cherehani nikasikiliza, na kweli, kwa mbali, nyumba ya jirani, kulikuwa na mngurumo.

Nikenda mbio nikabisha hodi. Jirani alipofungua mlango na kuniona natweta, akaanza kuomba radhi kabla hata sijamwamkia. "Samahani jirani, napunguza sasa hivi, filamu yenyewe ina radi nyingi."

"Usipunguze!" nikamwambia. "Ongeza!"

Masikini alinitazama kama mtu aliyepandwa na kitu. Nikamweleza. Akanionesha hom thieta yake: spika tano nyembamba na boksi moja kubwa chini ya televisheni, hiyo ndiyo sabufa, akasema, kazi yake besi peke yake. Nikamleta mama. Tukatia flashi yenye ngoma ya harusi yangu mimi, iliyorekodiwa zamani kwenye kaseti na mwanangu akaihamisha. Ngoma ile kila mtu wa nyumbani anaijua, inaanza na vumi la mama peke yake, na mimi nimejivunia mwanzo ule miaka yote. Mama akaweka mkono kwenye boksi. Nikamwangalia usoni kwa hamu. Akatoa mkono, akasema, "Nasikia kishindo. Ngoma siisikii. Pigo linaingia halitoki, linalala mle ndani, mengine yanalikuta." Jirani alinuna kidogo. Mimi nikapata tumaini, maana kama kishindo kinamfikia, basi iko sabufa itakayomfikishia ngoma, na akiipata ngoma ataweza kuitika.

Asubuhi yake nikaandika ubaoni: twende mjini Chake tukachague besi.

Mama alisoma, akanitazama, akasoma tena. "Lina viti vingapi?"

Sikuelewa. Akaendelea, "Na tutaliweka wapi? Na dereva ni nani, wewe? Wewe baiskeli ilikushinda!" Ndipo nikatambua. Bila irabu, besi na basi ni herufi zile zile mbili, be na sini. Mama kasoma tunakwenda kununua basi la abiria! Na ningetia irabu yangu ya chini, ile inayosomeka i au e, angesoma bisi, tukenda Chake kutafuta mahindi ya kukaanga. Tulicheka siku ile mpaka machozi, yeye kwa sauti yake kubwa, na ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Baadaye kila tukitaja sabufa alikuwa akiniuliza kama abiria wameshajaa.

Kule dukani Chake muuzaji alituona tukiingia, akaanza kunipigia hesabu za wati mimi, mama hakumjali. Akafungua boksi la kwanza, lina taa za buluu na nyekundu zinazorukaruka. Akatia muziki mpaka vikombe vya duka la pili vikalia. "Hii, dada, inatingisha bati!"

Mama alivua viatu. Akasimama peku kwenye marumaru, akaweka kiganja juu ya boksi, akafumba macho. Muuzaji akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bi mkubwa anafanya nini?"

"Anasikiliza."

"Si umesema hasikii?"

"Wewe tia flashi hii."

Akatia ngoma yetu. Mama akafumbua macho. "Hili lina taa tu." Likaja la pili, lenye tundu kubwa mbele. Mama akaweka mkono kwenye tundu. "Hili linapumua kama ntu alokimbia. Pigo liko wapi?" La tatu akalikataa kabla halijashika moto. La nne aliliinua kidogo kwa mikono miwili, likainuka, akasema, "Jepesi, mti wake mwembamba, litapiga kelele lenyewe." La tano sikumbuki kosa lake, lakini lilikuwa nalo. Muuzaji jasho likamtoka. Wateja wengine wakaacha shughuli zao wakaja kutazama kiziwi anachagua spika, na mmoja akatupa neno la kejeli, nami nikamjibu jibu ambalo sitaliandika hapa.

Mwisho muuzaji akachoka, akarudi kukaa nyuma ya meza yake. Mama akamfuata kwa macho. "Na hilo ulilolikalia?"

Kumbe alikuwa amekalia boksi jeusi, halina taa, halina tundu, kona zimechubuka. Akainuka kwa aibu. "Hili bi mkubwa lilikuja na vitu vya mtumba. Kila aliyelijaribu kasema bovu, halina sauti. Nimelifanya kiti."

Mimi nikamwonesha mama kwa mkono kwamba ni bovu. Akanipiga kofi la mkono, pa! "Nshasema hilo."

Likaunganishwa. Wallahi mimi sikusikia kitu cha maana. Nilisikia kama gari kubwa linapita barabara ya mbali, na kioo cha kabati kikaanza kutetemeka polepole. Lakini mama! Mama mabega yalishuka. Kidole chake cha shahada kikaanza kugonga juu ya boksi, taratibu, kikingojea, kikigonga, kikingojea. "Hili," akasema. "Pigo linaingia, linatoka."

"Lakini halina sauti, bi mkubwa!" muuzaji akalalamika.

"Mwanangu," nikamwambia, "na yeye hana masikio. Wameonana."

Watu waliangua kicheko, na safari hii kicheko kilikuwa chetu. Muuzaji naye alikuwa fundi, haki yake nampa. Aliligeuza boksi akasoma maandishi ya nyuma, kisha akanambia kwa adabu nyengine kabisa, "Dada, hili linashuka mpaka hezi ishirini. Hapo ndipo sikio la binadamu linapoishia. Haya yenye taa hayafiki huko, yanapiga kelele tu huku juu. Ndiyo maana watu walisema halina sauti." Akaligonga ubavuni kwa kidole, mbao nene, zito kama gunia la karafuu mbichi. "Miezi yote nimekaa juu yake." Nilitoka dukani mle nimefura kwa majivuno, na mama yangu mbele yangu, viatu mkononi, kasahau kuvaa.

Msidhani mambo yalinyooka. Nyumbani nililiweka kwenye busati, katikati ya ukuta chini ya televisheni, pazuri pa kuonekana na wageni. Tukapiga. Mama akasema limelegea. Nikaongeza sauti, akasema limelegea zaidi. Nikaandika kwamba kesho nitalirudisha. Akasema nisiwe na haraka.

Asubuhi nikaamka boksi halimo sebuleni. Nikatoka uani na roho mkononi. Mama kaliburura mpaka juani, juu ya jamvi, karafuu zimelizunguka pande zote nne, na yeye kakaa kando na ufagio anafukuza kuku. Ngoma ikilegea huoteshwa moto au jua ngozi ikaze, hilo mpiga ngoma yeyote analijua, na yeye kaifanyia sabufa kama alivyolifanyia vumi maisha yake yote. Nilipiga kelele: "Mama, unaliua!" Nikapiga kelele nyingi, na majirani wote walisikia isipokuwa aliyekusudiwa.

Nikampigia simu muuzaji. Alicheka mpaka nikataka kuikata. "Dada, lipelekeni kivulini. Halikulegea. Mahali ulipoliweka ndipo pabaya. Besi ina mahali pake ndani ya chumba, mnatakiwa mpatafute."

Nikaandika: si jua, ni mahali. Mama aliposoma akajipiga paji la uso. "Ala! Nami najua hilo!" Na kweli alikuwa akilijua. Zamani, kabla ya kila harusi, alikuwa akivua viatu akizunguka uwanja wote akipiga kisigino chini, anatafuta ardhi inapojibu, ndipo anaweka vumi. Watu wakidhani ni uganga. Sasa akaanza kuzunguka sebule yangu, kisigino, hatua, kisigino, na boksi likinguruma katikati. Akapita mbele ya kochi, akatikisa kichwa. Akapita dirishani, akatikisa kichwa. Alipofika kwenye pembe, nyuma ya mlango wa stoo, akasimama. "Hapa. Na busati ondoa."

Tukalisukuma pembeni, sakafu tupu. Nikatia flashi. Mara ile hata mimi niliipata, ikapanda kwenye nyayo mpaka magotini, nzito na safi, kila pigo peke yake. Mama akakaa chini, mgongo ukutani, miguu kainyoosha. Nikangoja afurahi kusikia mkono wake mwenyewe. Uso wake ukabadilika.

"Huyu si mimi," akasema.

Nikaandika kwa haraka: ni wewe, harusi yangu.

"Si mimi. Huyu ni mdogo wangu. Nkono wake wa kushoto mzito, unachelewa kidogo. Sikiliza. Anaita." Akainua mkono, kiganja wazi, akakiacha hewani. "Anaita... bado... bado... sasa." Akaupiga mkono sakafuni, na palepale, kwenye spika, vumi la pili likaingia. Pamoja. Hakukuwa na nafasi ya unywele baina ya kiganja chake na lile vumi la zamani. "Huyo," akasema, "ndiye mimi."

Miaka yote ile nimewaringia watu mwanzo wa khalati nikidhani siku ile ni mama aliyeita! Mimi mwenye masikio ndimi niliyekosea. Niliona haya, na juu ya haya nilijaa fahari mpaka nikakosa pa kuiweka, nikamkumbatia, naye akanisukuma: "Niache, naitika mie." Akaitika mpaka mwisho, na hakukosa hata moja.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya waya. Nilimwita khalati kutoka Kiuyu, nikamwita na muuzaji. Khalati alipoelezwa alilia kwanza, kisha akatukana kidogo kwa nini hatukufikiri mapema. Mpango ulikuwa rahisi: maiki iwekwe kwenye vumi la khalati, waya uende kwenye sabufa, na sabufa iwe karibu na mama. Mama alisoma maelezo yangu ubaoni, akafikiri, akasema, "Karibu vipi? Ntalikalia. Yule kijana alilikalia bure."

Siku ya harusi, baada ya alasiri, uwanja ulijaa. Muuzaji alikuwa nje ya uzio, maana ndani ni kina mama peke yao, waya umepita chini ya makuti. Mama aliingia na leso zake mpya, vumi lake limetolewa mtungi juu yake na limeota jua la haki safari hii. Akavua viatu, akazunguka na kisigino chake, na watoto wakamfuata wakimwiga. Akachagua mahali. Akawekewa boksi jeusi, akalikalia, akaliweka vumi baina ya magoti.

Yule mwanamke wa kucheka na mtandio alikuwepo. Nilihakikisha amekaa mbele.

Khalati alikaa mbali, nyuma ya watu kabisa, kama siku ile Pujini. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, hataki watu waseme alitazama mikono. Khalati akaita. Mama kafumba macho, mkono uko juu. Bado. Bado. Ukashuka.

Vigelegele vilivyopanda pale sijavisikia tena. Mwanangu alisahau kwamba bibi harusi hukaa ametulia, aliinuka na mapambo yake yote akenda kumbusu bibi yake mkono, na bibi akamfukuza kwa kichwa asimharibie pigo. Mimi nilisimama katikati ya watu nikisema, "Mama yangu huyo! Mama yangu!" kana kwamba kuna asiyejua.

Walipiga muda mrefu. Jasho lilikuwa limemlowesha mama mpaka leso, na mimi nikaanza kuogopa, umri ule. Nikapenya mpaka mbele nikamwandikia ubaoni kwa haraka, neno moja, bila irabu, nikamaanisha amepiga ya kutosha, apumzike: basi?

Akalisoma bila kuacha kupiga. Akanitazama, uso mzima unacheka.

"Ongeza," akasema.

Sijui mpaka leo alisoma neno gani, basi au besi. Nikatoka nje ya uzio nikamwambia muuzaji aongeze.